Tujifunze kuendesha miradi kabla ya kupokea fedha

Neno "mradi" limepotoka maana midomoni mwetu. Katika vilima vingi vya Makamba na Rumonge, watu wakisema mradi umekuja, wanamaanisha kuna fedha, kuna gari na kuna wageni. Wakisema mradi umekwisha, wanamaanisha gari limeondoka. Kazi yenyewe iliyopaswa kubaki haitajwi.

Mtazamo huo unatugharimu sana sisi tuliorejea kutoka uhamishoni, pamoja na wenzetu wanaofanya biashara mpakani. Wengi wetu tulianza upya bila mtaji, na baadhi yetu tulikuta mashamba ya wazazi yakilimwa na watu wengine. Kinachotubeba ni vikundi na vyama vya ushirika. Mwaka 2019 serikali ilianza kutoa fungu la faranga milioni 10 kwa ushirika wa kila kilima, chini ya mpango wa Sangwe. Fedha kama hizo zikichanganywa na hisa za wanachama zinaweza kujenga ghala au kununua mashine ya kusaga. Zinaweza pia kuyeyuka kabla mvua ya kwanza haijanyesha, na mjane aliyeuza mbuzi wake ili alipe hisa asipate hata maelezo.

Tofauti ya mambo hayo mawili mara nyingi si wizi. Ni kutojua misingi ya kuendesha mradi, nayo si elimu ya wenye shahada peke yao.

Msingi wa kwanza ni kujua kwamba mradi una mwanzo na mwisho. Kujenga ghala ni mradi. Kununua na kuuza maharage ndani ya ghala hilo ni biashara isiyo na mwisho. Kwa hiyo kikundi kiandike sentensi moja inayoeleweka na kila mwanachama: tunajenga nini, kwa ajili ya nani, kwa fedha kiasi gani, na kitakamilika lini. Kikundi kisichoweza kuandika sentensi hiyo hakijawa tayari kupokea hata faranga moja.

Msingi wa pili ni kuigawa kazi na kuipanga kwa kalenda. Tuchukue mfano wa ghala hilo la maharage. Mavuno ya msimu A huanza Desemba na kuendelea Januari, hivyo ghala lazima liwe tayari kabla ya Desemba. Tukihesabu kurudi nyuma, paa linapaswa kuezekwa Septemba mapema, kabla mvua hazijashika. Ili hilo liwezekane, kuta zisimame Agosti, na matofali yafyatuliwe na kuchomwa Juni na Julai, wakati wa kiangazi. Matofali, kuta na paa ni mnyororo mmoja: kiungo kimoja kikichelewa wiki mbili, ghala zima linachelewa wiki mbili. Lakini mizani, vitabu vya stakabadhi na mafunzo ya mtunza ghala vinaweza kwenda sambamba na ujenzi. Mkuu wa mradi hujulikana kwa kujua kazi ipi haiwezi kusubiri.

Msingi wa tatu ni fedha na hatari. Bajeti isiyo na akiba ya dharura ni matumaini tu. Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua hili kuliko mtu yeyote: bei ya bati upande wa Manyovu ya leo si ya mwezi ujao, na thamani ya faranga yetu haingoji mkutano wa kikundi. Mambo mengine yanazuilika kwa kuuliza mapema. Kwa mfano, chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili bila ushuru wa forodha, ingawa hakiondoi kodi nyingine. Anayeuliza forodhani Mugina kabla ya kununua hupanga bajeti yake kwa uhakika. Anayeuliza mzigo ukiwa kizuizini hulipa.

Msingi wa nne ni kila kazi kuwa na mwenyewe. "Kamati itashughulikia" maana yake hakuna atakayeshughulikia. Liandikwe jina moja kwa kila kazi, na kila wiki mwenye jina aeleze mbele ya wanachama alipofikia na alichotumia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Msingi wa mwisho, unaosahauliwa kuliko yote, ni kukabidhi. Mimi nilisoma Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Kirundi nchini Tanzania. Mwaka 1985 makazi hayo yalikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, na mashirika ya misaada yakapunguza mkono wao. Watu hawakukaa kulia. Waliendelea kulima na kuuza mahindi, maharage na tumbaku, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha kuwa yao. Swali hilohilo liulizwe hapa siku ya kwanza, si siku ya kuagana: mlinzi wa ghala atalipwa na nani baada ya fedha za mradi kwisha? Bati likivuja, nani atanunua jingine?

Nasema haya nikiwa mwalimu. Nimeona wazee wenye akili nyingi wakiweka dole gumba kwenye mkataba wa kurasa 20 ulioandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi tuliosoma Tanzania hatukuipata shuleni. Mtu hawezi kusimamia asichokisoma.

Kwa mantiki hiyo, natoa wito kwa serikali na wafadhili wote: kabla ya fungu lolote kutolewa, kikundi kifundishwe misingi hii kwa Kirundi na Kiswahili, na mkataba, bajeti na kalenda viandikwe kwa lugha hizo na kubandikwe mahali pa mkutano. Madarasa yapo, nayo hukaa matupu kila Jumamosi. Walimu tupo pia.

Nanyi ndugu zangu wa vikundi, msingoje wito huo ujibiwe. Daftari moja, kalenda moja na jina moja kwa kila kazi havihitaji mfadhili.