Kushoto ni kwa Mgonjwa

Kila vyuo vya afya vinapofungua mwaka mpya wa masomo, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa karatasi yenye safu mbili: huku maneno ya Kilatini, kule maana zake. Anteria ni mbele, posteria ni nyuma. Superia ni juu, inferia ni chini. Mediali ni kuelekea mstari wa katikati ya mwili, laterali ni kuelekea pembeni. Proksimali ni karibu na shina la kiungo, distali ni mbali nalo. Wanayakariri usiku mmoja, wanayajibu kwenye jaribio, na mwalimu anahamia kwenye mifupa. Toleo hili limeandaliwa kwa sababu tunaamini utaratibu huo unawadhulumu wanafunzi, na baadaye unawadhulumu wagonjwa. Maneno ya mwelekeo yanastahili wiki za mwanzo za somo la anatomia, na yafundishwe juu ya mwili wa mtu, kwa kugusa, kulala, kugeuka na kuulizana.

Karatasi ile hutaja jambo moja kwa mstari mmoja na kupita, nalo ndilo linalobeba mengine yote. Maneno haya yanategemea mwili wa makubaliano: mtu amesimama wima, uso unatazama mbele, miguu imekaribiana, mikono imening'inia ubavuni, viganja vimegeuzwa mbele na vidole gumba vinaelekea nje. Yeyote anayetaja upande wa mwili, hata mwili uliolazwa kifudifudi chini ya shuka za upasuaji, huusimamisha kwanza kichwani mwake katika msimamo huo ndipo aseme. Kifua cha aliyelala chali kinatazama dari, lakini bado ni anteria. Kichwa cha mtoto aliyegeuka tumboni mwa mama yake kinaelekea chini, na bado kwa mtoto yule ni superia.

Kwa nini viganja vigeuzwe mbele, wakati mikono yetu ikining'inia huelekea mapajani? Jibu unaweza kulishika sasa hivi. Nyoosha mkono wa kulia mbele yako, kiganja kitazame juu. Mifupa miwili ya kigasha imelala sambamba: radiasi upande wa kidole gumba, alna upande wa kidole cha mwisho. Zungusha vidole vya mkono wa kushoto kwenye kigasha hicho, kisha geuza kiganja taratibu mpaka kitazame chini. Utaihisi radiasi ikipanda na kuivuka alna, nayo alna ikibaki karibu pale pale ilipokuwa. Kidole gumba kilichokuwa nje sasa kiko ndani. Kama maneno yangefuata mkono ulivyo kila dakika, radiasi ingekuwa laterali mtu akipokea chai na mediali akiandika. Ndiyo maana walimu wa anatomia walikubaliana juu ya mkono ambao mifupa yake haijapishana.

Abraham Colles, mpasuaji wa Dublin, aliandika mwaka 1814 juu ya mvunjiko wa radiasi karibu na kifundo cha mkono, ambapo kipande cha distali husogea upande wa dorsali, yaani kuelekea mgongo wa kiganja. Eksirei ilikuwa haijajulikana; ilimbidi ategemee macho, vidole na usahihi wa maneno yake. Mwaka 1847 Robert Smith, wa mji huo huo, alieleza mvunjiko wa mfupa ule ule, karibu mahali pale pale, ila kipande chake kimesogea upande wa kiganja. Neno moja ndilo linaloyatenganisha maelezo hayo mawili. Na neno hilo ndilo linaloamua mikono ya mtabibu isukume wapi, kwani akiurudisha mvunjiko wa Smith kama wa Colles, atakizidisha kipande kwenda kule kule kilikokwisha potelea. Mwaka 1895, Röntgen alipogundua miale ya eksirei huko Ujerumani, wanaanatomia walikuwa wamepitisha mjini Basel, Uswisi, orodha ya pamoja ya majina ya mwili, kwa sababu kiungo kimoja kilikuwa na majina chungu nzima kutegemea kitabu na nchi. Orodha hiyo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na ile iliyochapishwa 1998 bado inatajwa vyuoni.

Wapo wanaosema haya ni ya wapasuaji, na muuguzi wa zahanati hana haja nayo. Hoja hiyo ndiyo inayotuuma zaidi, maana muuguzi wa zahanati anayahitaji kila siku, mara nyingi akiwa peke yake.

Chukua sindano ya takoni. Wanafunzi hufundishwa kuligawa tako kwa mistari miwili ya kufikirika, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, zipatikane robo nne. Neva ya siatiki, iliyo nene kuliko neva zote za mwili, hutoka kwenye nyonga na kuteremka mguuni kupitia sehemu ya chini na ya ndani. Robo iliyo mbali nayo ni ya juu upande wa nje. Kwenye karatasi ni rahisi. Sasa mlete mtoto wa miaka miwili mwenye homa kali, amelazwa kifudifudi mapajani mwa mama yake, anapiga mateke, kiuno kimepinda, na mama amekaa kwenye benchi akiwa amempa muuguzi ubavu. Robo ya juu upande wa nje imeelekea ukutani. Aliyekariri kwamba superia ni juu atatafuta sehemu inayotazama dari. Aliyefundishwa juu ya mwili atauweka mkono kwenye ukingo wa mfupa wa nyonga, afuate upande wa kichwa cha mtoto, kisha upande ulio mbali na uti wa mgongo, na hapo ndipo atakapojua sindano iingie wapi. Madaktari wa Uganda wameandika habari za watoto waliopooza mguu baada ya kudungwa kwinini takoni, na unyayo wa baadhi yao ukabaki unaning'inia hata wakishika ukuta kutembea. Dawa za malaria kali zinapolazimika kudungwa msulini, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza paja upande wa mbele. Na chanjo za watoto wachanga zinazodungwa msulini huingia pajani, mbele upande wa nje. Maelekezo hayo yote yameandikwa kwa maneno ya mwelekeo. Asiyeyamiliki hawezi kuyatii, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Kosa linalorudi mara nyingi kuliko mengine ni la kushoto na kulia. Ukimkabili mgonjwa, kushoto kwake kuko mkono wako wa kulia, na katika anatomia kushoto ni kwake daima. Fundi wa magari akiambiwa taa ya kushoto haiwaki, hatafuti upya maana ya kushoto kwa kuwa amesimama mbele ya gari akilitazama. Picha ya eksirei ya kifua nayo husomwa kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yako: moyo wake unaoelekea kushoto unaonekana kuliani kwako. Picha za mkato za CT husomwa kama vile unautazama mwili kutokea miguuni. Zipo herufi ndogo ambazo mpiga picha huziweka pembeni mwa eksirei kuonyesha upande, na wanafunzi wengi huzipita bila kuzitazama. Kwa makadirio mtu 1 kati ya 10,000 huzaliwa viungo vyake vya kifuani na tumboni vikiwa vimebadilishana pande, moyo kulia na ini kushoto. Mtu huyo akifika kituoni, herufi ile ndiyo itakayomwambia tabibu kwamba picha haikugeuzwa.

Wakunga wanalijua jambo hili kuliko sisi sote. Mama mwenye uchungu amelala chali, mkunga yuko upande wa miguu yake, kidole kinatafuta utosi wa mtoto. Akiukuta utosi mdogo wa nyuma, ule wa pembetatu, umeelekea mbele na kushoto kwa mama, ataandika kwamba kisogo kiko mbele kushoto, na huo ni mlalo mzuri wa kuzaa. Katika sentensi moja ameshikilia miili mitatu: wake, ambao kwake upande ule ni kulia, wa mama, ambao ndio unaotoa jina, na wa mtoto, ambao kisogo chake ndicho kinachopimwa. Kisogo kikielekea nyuma, kwenye mgongo wa mama, uchungu mara nyingi huwa mrefu na maumivu huhamia kiunoni. Mkunga wa zamu inayofuata atakayesoma neno hilo kinyume ataupangia uchungu huo muda na msaada usio wake. Nimewasikia wakunga wakongwe wakiyasema haya kwa wepesi kama wanaoelekeza njia ya kwao, na ningependa kila mwanafunzi wa uuguzi akae nao walau zamu moja kabla hajagusa mtihani.

Hata kovu la chanjo lina upande wake. Tanzania kovu la BCG hutafutwa kwenye bega la kulia. Kenya hutafutwa kwenye kigasha cha kushoto. Mtoto aliyechanjwa Kajiado akipelekwa kliniki ya Longido, ng'ambo ya Namanga, muuguzi anayejua mahali pamoja tu atasema mtoto hana kovu.

Shirika la Afya Duniani lilipoandaa orodha ya ukaguzi wa upasuaji salama, iliyozinduliwa 2008, hospitali nane duniani zilishiriki kuijaribu, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo ina mengi, kuanzia dawa za kuzuia maambukizi hadi kuhesabu vitambaa, na sitadai kwamba mafanikio yote ni ya kutaja upande. Lakini kabla ya kisu, timu nzima husimama na kutamka jina la mgonjwa, upasuaji unaofanyika na mahali pake, na mahali hapo pawe pamekwisha wekwa alama kwa kalamu. Walioiandaa waliona ni hatari kuliacha neno la upande lipite kimya kimya katika chumba kilichojaa watu wenye elimu.

Mwanafunzi aliyeyaelewa maneno haya hupunguziwa mzigo wa kukariri. Mfupa wa nyonga una ncha nne kila upande, na majina yake ni mwelekeo mtupu: anteria superia, anteria inferia, posteria superia, posteria inferia. Weka mkono kiunoni, fuata ukingo wa mfupa kuja mbele mpaka ukute kinundu. Hiyo ni ya kwanza. Kutoka hapo kwenda kitovuni, theluthi ya njia, upande wa kulia, ndipo Charles McBurney wa New York alipopaonyesha mwaka 1889 kuwa kidole tumbo kilichovimba huuma zaidi kikibonyezwa.

Yapo pia yanayoonekana hayana mantiki mpaka uelezwe asili yake. Upande wa juu wa mguu, pale kamba za viatu zinapofungwa, huitwa dorsali, sawa na mgongo, ingawa mtu akisimama unatazama juu na mbele. Sababu iko tumboni mwa mama: kati ya wiki ya 6 na ya 8 mikono na miguu ya kiinitete huzunguka, mkono kwenda nje na mguu kwenda ndani. Ndiyo maana kiwiko kinatazama nyuma na goti linatazama mbele. Na kwa ng'ombe, mgongo uko juu na tumbo chini, hivyo wanafunzi wa tiba ya mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hutumia maneno ya upande wa kichwa na upande wa mkia mahali ambapo wenzao wa tiba ya binadamu wanasema superia na inferia. Kuchanganya mwili wa mnyama na wa mtu ni kosa la zamani: Galeni, tabibu wa kale, aliwapasua nyani na nguruwe, na baadhi ya aliyoyaona kwao yakapachikwa kwenye mwili wa mtu kwa zaidi ya miaka elfu, mpaka mwanaanatomia Vesalius alipochapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1543.

Makala za toleo hili zimeandikwa na wakunga, wapiga picha za eksirei, walimu wa anatomia na matabibu wa vituo vya vijijini. Tumewaomba wote waanze na mgonjwa aliyelala, aliyepinda au aliyekunja mkono, kwa kuwa hao ndio wanaoletwa vituoni. Kwa walimu tuna ombi moja la moja kwa moja: mtihani wa mwaka wa kwanza uache kuuliza maana ya laterali. Uulize hivi: mgonjwa amelala kifudifudi, mkono wa kushoto umekunjwa mgongoni, ana jeraha la sentimita 4 kwenye kigasha, upande wa kidole gumba, karibu na kifundo. Mwandikie barua ya rufaa mpasuaji ambaye hajamwona.