Hesabu Kwanza, Taa Baadaye

Sisi wa darasa la fizikia twajua kwa ghibu kwamba volti mara ampea ni wati. Twaiandika katika mtihani, twapata alama, kisha twaenda likizo na kuiacha dawatini. Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe nilifanya vivyo hivyo.

Krismasi iliyopita nilikuwa Jinja kwa mjomba. Alitaka nyumba yake ing'ae kuliko zote mtaani, akanunua kamba 12 za taa, kila kamba ina globu 20 za wati 25. Edward Johnson, mwenzake Edison, aliyetangulia kupamba mti wa Krismasi kwa umeme huko New York mwaka 1882, alikuwa na globu 80 tu. Mjomba alikuwa nazo 240! Zote zikaunganishwa katika plagi moja, kwa ekstensheni ambayo nusu yake ilikuwa bado imezungushwa katika gurudumu lake, nyuma ya pazia la chumba alicholala bibi.

Taa ziliwaka, watoto wakashangilia. Punde fyuzi ikaungua. Jirani mmoja akaitoa, akatia mahali pake ile karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, na taa zikarudi. Mimi nilisimama pale nikijua kuwa jambo hili ni baya, nikanyamaza, maana kijana hamfundishi mjomba wake mbele ya wageni. Saa tano usiku bibi akatuita: chumba kimejaa moshi, na pazia limeanza kuungua. Tulimtoa salama, ashukuriwe Mungu.

Hesabu ni hii. Globu 240 mara wati 25 ni wati 6,000. Gawanya kwa volti 240, wapata ampea 25. Plagi yetu hii ya miguu mitatu ni ya ampea 13, na waya uliozungushwa wafaa kuchukua chini ya hapo, kwa kuwa joto lake halina pa kutokea. Fyuzi ilipoungua haikuwa na kosa. Ilitimiza kazi yake. Wengine husema Jinja umeme ni tele, mto upo mlangoni. Ni kweli, bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa laitwa Nalubaale, laweza kutoa megawati 180. Lakini ukubwa wa bwawa hauunenepeshi waya wa ekstensheni hata kidogo.

Nami naona heshima isiwe sababu ya kunyamaza. Yafaa mwanafunzi amwombe mkubwa wake faragha, amwonyeshe karatasi ya hesabu kabla ya siku ya sherehe. Mwaka huu nimefanya hivyo kwa barua. Nilimweleza mjomba kwamba globu 240 za LED, za wati 1 kila moja, zataka ampea 1 tu. Amejibu kuwa zile za zamani zilimgharimu fedha nyingi, hazitupi. Basi tumepatana: kamba 4 tu, yaani wati 2,000, ekstensheni ikunjuliwe yote na ikae mbali na mapazia, na yule jirani asiguse fyuzi.