Bahati Husubiriwa, Uwezekano Hupimwa

Wako vijana wa Migori na Homa Bay wanaoamini kwamba kamari ina siri, na kwamba mwenye jicho kali ataigundua na kutajirika. Imani hiyo ni ya hatari hasa kwa sababu upo mchezo mmoja ambamo ina chembe ya ukweli.

Mwaka 1962 mwanahisabati wa Marekani, Edward Thorp, alichapisha kitabu Beat the Dealer. Alionyesha kwamba mchezo wa karata wa ishirini na moja, uitwao blackjack, waweza kushindwa kwa hesabu. Sababu ni kwamba karata iliyotolewa hairudi mpaka zote zichanganywe upya. Ree nne zikishatoka katika karata 52, ya tano haipo. Katika mbinu moja mashuhuri, mchezaji huongeza moja aonapo karata ya 2 hadi 6, na hupunguza moja aonapo ya kumi, ya picha au ree. Jumla ikipanda, karata kubwa ndizo zilizobaki kwa wingi, nazo humfaa: mgawaji analazimika kuvuta hadi afikie 17, na huenda akapita 21. Hapo ndipo mhesabuji huongeza dau.

Je, faida yake ni kiasi gani? Mchezaji stadi asiyehesabu hupoteza, kwa wastani, takriban nusu shilingi katika kila shilingi 100. Anayehesabu barabara aweza kupata kama shilingi moja. Hiyo ndiyo siri yote: shilingi moja kwa mia, tena baada ya maelfu ya michezo, kwa mtaji mnene, huku wenye kasino wakimwinda ili wamfukuze.

Sasa tuzitazame mashine za sarafu, ambazo zilienea hadi vituo vya biashara vijijini, hata serikali ikaamuru msako mwaka 2018. Humo hamna karata zinazopungua. Anayesema mashine imeshiba na sasa itatapika anahesabu kisichohesabika. Ni sawa na kurusha sarafu: hata upande mmoja ukitokea mara tano mfululizo, mrusho wa sita ni nusu kwa nusu vilevile. Tena mashine imeundwa ili mwenyewe abaki na sehemu ya fedha.

Kiswahili kinatupa maneno mawili ya kutenganisha mambo haya. Bahati humjia mtu, naye huisubiri. Uwezekano, neno lililozaliwa na kitenzi kuweza, ni kitu cha kupimwa. Kwa bahati mbaya, mwanafunzi hulisikia la kwanza sokoni kila siku, ilhali la pili hufundishwa darasani kwa Kiingereza, akalikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Walimu, tulitamkeni neno uwezekano kwa lugha anayoielewa mtoto. Tuanze na ajua, mchezo wa Wajaluo, ambamo mbegu zote zi wazi na kuhesabu humfaa mchezaji kweli. Kisha turushe sarafu mara 100 na kuandika matokeo ubaoni. Mwanafunzi aulize: je, mchezo huu unakumbuka yaliyopita? Na nani amepangiwa faida?

Wahenga walinena kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Kwenye mashine ile, mwenzio huyo ni mwenye mashine.