Pesa ya Masta Ipo, Tumeishonea Sare



Leo hatuzungumzi piko wala singo. Tunazungumza neno ambalo halipiti wiki hatujalisikia dukani, tukiwa tunawapima wasichana: "Nilitaka kusoma masta, lakini pesa hakuna." Anayelisema kanyanyua mikono tumpime kifua, na kwenye mfuko wake mna kitambaa cha gauni la tatu. Pesa hakuna! Tumechoka kulisikia, na leo tunalipinga.

Sisi ni washonaji. Skuli tuliishia kidato cha nne, tukasomea cherehani, tukafungua duka. Kwa hiyo asije mtu akasema tunawapigia debe wenye digrii kwa kuwa ni wenzetu. Sisi tunachokijua ni hesabu ya harusi, maana inapita mikononi mwetu. Haya, tuipige pamoja. Harusi ya kawaida tu, si ya tajiri: wanawake 60 wa sare. Kitambaa shilingi 35,000, kushona 30,000. Hiyo ni 65,000 kwa mtu mmoja. Zidisha kwa 60, unapata milioni 3 na laki 9. Ni sare ya usiku mmoja hiyo! Bado sare ya siku ya pili, bado ukumbi, keki, mpambaji, mpiga picha, na zile kanga za kutunza. Sare yenyewe ikishavaliwa inakunjwa, inawekwa kabatini, na harusi ijayo hairudiwi kwa sababu watu wameshaiona kwenye picha.

Sasa nenda pale SUZA, au Zanzibar University kule Tunguu, kaulize ada ya masta kwa mwaka. Usiulize kwa shoga yako, nenda ofisini kwao. Utatajiwa mamilioni, ndiyo, lakini ni mamilioni yale yale ambayo ukoo wako unayachanga ndani ya mwezi mmoja bila hata kikao cha pili. Tofauti ni kwamba moja inachangiwa na nyingine inaonewa huruma.

Tunajua tunajikatia riziki yetu wenyewe kwa kusema haya. Riziki anatoa Mungu.

Kuna jibu wanalopewa wasichana ambalo sisi linatuudhi kuliko yote: "Olewa kwanza, mumeo atakusomesha." Nani kaahidi? Masheikh wanatufundisha haki za mke kwa mumewe: chakula, mavazi, makazi. Ada ya chuo kikuu hatujasikia ikihesabiwa humo. Mume akikusomesha kwa hiari yake, Mungu amzidishie. Lakini hiari si ahadi, na ahadi iliyotolewa kwenye simu saa tano ya usiku kabla ya posa si mkataba. Tunao wateja wanaorudi mwaka wa pili kupanua magauni, chuo hawajakiona, na ukiwauliza wanacheka tu na kuangalia pembeni.

Kilicho chako kisheria ni mahari. Qur'ani katika Suratun-Nisaa imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, wao wenyewe. Si ya baba, si ya ami, wala si ya kununulia kitanda na kabati vya kupeleka kwa mume. Na hapa tunataka tusimame kidogo, maana watu wakisikia mahari na masomo katika sentensi moja wanadhani ni mambo ya kisasa tumeyaokota kwenye simu.

Iko hadithi sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Sahl bin Sa'd. Mtu mmoja alitaka kuoa na hakuwa na kitu. Mtume (s.a.w.) akamwambia atafute, hata kama ni pete ya chuma. Hakupata. Alikuwa na shuka yake tu aliyojifunga. Mwisho akaulizwa amehifadhi nini katika Qur'ani, akazitaja sura, na akaozeshwa kwa alichonacho kichwani, amfundishe mkewe. Elimu imekuwa mahari tangu siku hizo! Sasa biharusi wa leo akimwambia walii wake, "Mahari yangu nataka ada ya masta," ameleta jambo gani jipya? Anayemcheka akatazame vizuri anachokicheka.

Na hapa ndipo penye njia ambayo wengi hawaifikirii. Mahari si lazima ilipwe yote siku ya nikaha. Sheria inakubali sehemu itangulizwe na sehemu icheleweshwe. Sisi Zanzibar tunalijua hilo, ila tunalitumia vibaya: inatajwa mahari kubwa watu washangae, nusu inabaki deni, na deni linasahauliwa hadi siku ya talaka. Kwa nini deni hilo lisipangiwe tarehe? Mwezi wa kufungua muhula, fungu la kwanza. Muhula wa pili, fungu la pili. Kijana mwenye mshahara wa kawaida hawezi kutoa milioni 5 siku moja bila kukopa, lakini kwa miaka 2 anaziweza. Yeye anapumua, na wewe unasoma. Baba zetu watasema ni aibu kuweka ratiba kwenye mahari. Aibu ni mahari kutajwa kwa kipaza sauti kisha isilipwe.

Kama mahari ni ndogo, na hakuna ubaya ikiwa ndogo, basi ugeukie mchango. Mashangazi na mama wadogo wanaochanga laki moja moja kwa ajili ya ukumbi, waombwe laki hiyo hiyo iende chuoni. Watanuna. Waache wanune wiki moja. Wewe fanya walima mdogo nyumbani, pilau, mbuzi, dua, na watu wakuone umependeza kwa gauni moja lililoshonwa vizuri. (Moja, tena zuri. Mlango wa duka uko wazi.) Walima ndio sunna. Ukumbi wenye taa za rangi haukutajwa popote.

Halafu upatu. Wanawake wa visiwa hivi wamejenga nyumba kwa upatu, wamekwenda Hija kwa upatu, wamenunua vyerehani kwa upatu. Watu 10, laki 2 kila mwezi, unatoka na milioni 2 mkononi bila riba na bila kujaza fomu. Unaomba zamu yako iangukie mwezi wa kulipa ada. Tumeshiriki michezo ya kununulia vyombo vya kabatini, ya mapazia, ya masofa. Ya ada ya binti, wallahi, bado hatujaalikwa hata mmoja.

Mikopo nayo ipo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na masta nayo imo katika inayoikopesha. Wengine wanaiogopa kwa ajili ya riba, na wana haki ya kuogopa, ila waulize masharti yalivyo sasa, wasishike maneno ya zamani. Kwa wale waliosoma kwa mkopo wa bodi ya Muungano, ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani Rais Samia alitangaza kuifuta tarehe 1 Mei 2021. Wapo wanaoihofia mpaka leo. Soma mkataba, mpelekee sheikh unayemwamini, kisha uamue.

Na ufadhili wa nje? Upo kweli. Serikali ya Uingereza ina Chevening tangu 1983, inalipia masta ya mwaka mmoja, inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, na ukimaliza urudi kwenu. Umri haina kikomo, kwa hiyo dada mwenye miaka 36 na watoto asijitoe. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu iliyoko Jeddah nayo imekuwa ikisomesha vijana wa jamii za Kiislamu hata katika nchi zisizo mwanachama, kama yetu. Lakini wasichana wetu hawakwami kwenye ada huko. Wanakwama kabla ya kufika. Pasipoti, mtihani wa Kiingereza, nauli ya boti kwenda Dar, kuthibitisha vyeti. Laki kadhaa tu, na hapo ndipo ndoto inapofia, kwa sababu ndani ya nyumba hakuna anayeona kuwa pasipoti ya binti ni jambo la kuchangiwa kama keki.

Asiyeweza kusafiri, ana mtoto mchanga au mume hataki aende mbali, Chuo Kikuu Huria kina vituo Unguja na Pemba. Anasoma akiwa kwake.

Tunajua mtatujibu nini. Kwamba mwanamke akisoma sana haolewi, na akiolewa hatulii. Sisi tunawavisha biharusi kila Ijumaa na kila Jumapili, wenye masta na wasiojua kuandika. Waliotulia na wasiotulia wamo pande zote mbili. Na huko Fez, Morocco, wanahistoria wanamtaja Fatima al-Fihri, mwanamke aliyechukua urithi wake akajenga msikiti wa Qarawiyyin mwaka 859, ukaja kuwa chuo kikuu. Alikuwa na pesa ya kutosha kununua hariri ya mji mzima.

Kwa hiyo biharusi, kabla hujatuletea kitambaa, kaa na walii wako na useme unachokitaka. Kiasi kiandikwe, tarehe ziandikwe, mashahidi watie saini, na nakala moja abaki nayo mama. Kama ni sharti la kuendelea na masomo, mwulizeni kadhi namna ya kuliandika lisimame. Deni la mahari ni deni kama deni jingine: mkiachana baada ya kuingiliana bado analo, na akifariki linalipwa kwenye mali yake kabla warithi hawajagawana hata kijiko.