Alama za mwili na ugonjwa wa akili



Uko ugonjwa wa akili wenye sura mbili. Kwa majuma kadhaa mtu huchangamka kupita kiasi, halali usingizi, husema upesi upesi, hutapanya fedha ya watoto wake kama maji. Kisha hugeuka: huzuni humwangukia, chakula hakimpendezi, hata hutamani kufa. Mwaka 1854 daktari Jean-Pierre Falret wa Paris alieleza kwamba huo ni ugonjwa mmoja unaozunguka, wala si magonjwa mawili. Leo madaktari huuita bipola.

Jamaa ikipatwa na jambo hili, mara huanza kumtafuta mwenye kosa. Ni nani aliyemroga? Au mama yake alifanya nini alipokuwa na mimba? Kwa sababu hiyo napenda tutazame yale ambayo wataalamu wameyatafuta katika mwili wenyewe.

Katika juma la 3 la mimba mtoto ni matabaka matatu tu. Tabaka la nje ndilo litakalokuwa ngozi ya juu. Na sehemu yake moja hujikunja ikawa mfereji, ambao ndio mwanzo wa ubongo na uti wa mgongo. Chembe zinazotoka kandokando ya mfereji huo hufanya sehemu kubwa ya mifupa ya uso. Basi ngozi, uso na ubongo ni kama ndugu wa tumbo moja. Wataalamu wakawaza: kama kitu kilisumbua ubongo wakati ule, pengine kiliacha alama ndogo nje, kama vile kaakaa lililoinuka mno, masikio yaliyokaa chini, au mistari ya vidole isiyo ya kawaida. Mistari hiyo hukamilika kabla ya kuzaliwa, na haibadiliki tena. Mwaka 1968, huko Marekani, Waldrop na wenzake walitangaza utafiti wao juu ya alama hizo kwa watoto wadogo, wakizihesabu moja moja.

Je, walioendelea na kazi hiyo wameona nini? Kwa wagonjwa wa skizofrenia alama hizo zimeonekana mara nyingi kuliko kwa wengine. Kwa bipola ushahidi ni dhaifu: uchunguzi mmoja husema ndiyo, mwingine hukana. Tena watu wazima wa akili wengi wanazo. (Mimi mwenyewe nilijitazama katika kioo, nikakuta sikio moja limeshuka kuliko la pili.) Basi mtu asimpime mwana wa jirani kwa masikio yake.

Ndani ya kichwa habari ni wazi zaidi. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi nyingi walikusanya picha za ubongo za watu 6,503, ambao 2,447 kati yao walikuwa na bipola. Gamba la ubongo la wagonjwa lilikuwa jembamba kidogo, hasa upande wa mbele na wa kando. Lakini tofauti hiyo ni ya wastani wa wengi. Picha ya mtu mmoja haiwezi kuutambulisha ugonjwa wake. Daktari hana budi kumsikiliza mgonjwa pamoja na jamaa yake.

Tena katika picha hizo, waliokuwa wakitumia lithiamu walikuwa na gamba nene kuliko wagonjwa wasioitumia. Lithiamu ni chumvi ambayo John Cade wa Australia aliwapa wagonjwa, akatangaza habari yake mwaka 1949. Hata leo hutumika, ila damu ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara, maana ikizidi ni sumu.