Shikeni mguu kabla ya kubadilisha dawa

Yanaandikwa mengi kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya antibayotiki, na usugu huo upo kweli. Lakini ipo sababu nyingine ya dawa kushindwa, nasi huku Kanda ya Ziwa tunaisahau mno: dawa haikufika. Kidonge kikishamezwa hakina njia ya kwenda kwenye kidonda isipokuwa damu. Dawa ni abiria, damu ndiyo kivuko.

Mguu wa mwenye kisukari unalionyesha hili waziwazi. Mchukue mchuuzi wa samaki pale Mwaloni, Kirumba. Sukari iliyokaa juu miaka mingi imezitia ganzi nyayo zake, hivyo mwiba wa sato unamchoma asisikie. Sukari hiyo hiyo imekakamaza mishipa ya damu na kuipunguza upana. Kama anavuta sigara, nikotini inaibana zaidi kila anapowasha. Anaanza na amoksilini ya duka la dawa, anahamia azuma, mwisho anachomwa jentamaisini. Sindano hii ina jambo ambalo hata sisi wa fani hatulisemi vya kutosha: inahitaji oksijeni ili iingie ndani ya bakteria. Kwenye nyama iliyonyimwa damu na kujaa usaha, oksijeni ni haba, na seli nyeupe za damu nazo zinaihitaji ili ziue vimelea. Nyama iliyokwisha kufa haiponi kwa dozi yoyote. Inaondolewa kwa kisu.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: kabla ya kuandika antibayotiki ya pili, mvueni mgonjwa viatu vyote viwili. Wekeni vidole juu ya mguu, kisha nyuma ya kifundo upande wa ndani, mtafute mapigo. Penye Dopla, gawanyeni presha ya kifundo kwa ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9, mishipa imeziba, ingawa mishipa migumu ya kisukari huweza kutoa namba nzuri ya uongo. Mguu ukiwa wa baridi, hauna mapigo, na kidonda kinaanza kuwa cheusi, toeni dozi ya kwanza na rufaa ya Bugando iandikwe siku hiyo hiyo, hasa kwa mgonjwa wa Ukerewe ambaye bado ana ziwa la kuvuka.