Ukimwita Shahidi, Msikilize Hadi Mwisho

Ni vigumu kuhudhuria mihadhara ya dini nchini Tanzania usiisikie Kumbukumbu la Torati 18:18. Mhadhiri wa Kiislamu anaitaja aya, msaidizi wake anaifungua Biblia, anaambiwa "Soma!", na kipaza sauti kinawafikishia watu ahadi ya Mungu kwa Musa: atawainulia Waisraeli nabii mfano wake kutoka kwa ndugu zao. Mhadhiri anauliza: ndugu wa wana wa Isaka ni nani kama si wana wa Ismaili? Na ni nani aliye mfano wa Musa, aliyezaliwa na baba na mama, akaoa, akaongoza umma na kuleta sheria? Takbiri zinapaa.

Jukwaa la Wakristo nalo lina aya yake: sura ya 4 aya ya 171, ambamo Qurani inamtaja Isa kuwa ni neno la Mwenyezi Mungu na roho itokayo kwake. Mhubiri anauliza: kama ni neno la Mungu, uungu wake mnaukataaje? Haleluya zinaitikia.

Kila mabishano haya yanapozua ugomvi, wapo wanaotaka yapigwe marufuku. Mimi siungi mkono marufuku hiyo. Lakini jinsi mengi yanavyoendeshwa, yanawadhulumu wasikilizaji wa pande zote mbili.

Dhuluma yenyewe ni ya kukata maneno. Kitabu cha mwenzako kinaitwa kama shahidi, kikishatamka neno linalokufaa, kinafungwa. Katika mlango huohuo wa 18, aya ya 15, Musa anawaambia Waisraeli kwamba nabii huyo atatoka miongoni mwao. Mlango wa 17 unamwita Mwisraeli ndugu, kwa kumtenga na mgeni. Na katika Matendo ya Mitume mlango wa 3, Petro anautaja utabiri huo akimzungumzia Yesu. Mwislamu naye ana la kujibu: mlango wa 2 wa Kumbukumbu unawaita wana wa Esau ndugu, na wao hawakuwa Waisraeli. Hapo ndipo mjadala wa kweli ulipo, na ni mjadala mzuri. Ila hauwezi kuanza kabla aya zote hizo hazijasomwa.

Hali ni hiyohiyo kwa aya ya 171. Inaanza kwa kuwakataza Watu wa Kitabu kupindukia mipaka katika dini yao, inamwita Isa Mtume wa Mwenyezi Mungu, kisha inawaonya wasiseme "Watatu" juu ya Mungu. Mhubiri anayechomoa neno la katikati amewaficha watu mwanzo na mwisho wa aya.

Wahusika wana utetezi wao. Mwislamu husema haikubali Biblia yote, anachukua kinachothibitishwa na Qurani. Mkristo husema Qurani si hoja kwake, ila anamhoji anayeiamini. Utetezi huo una uzito, maana kila muumini ana haki ya kukipima kitabu cha mwenzake kwa imani yake. Lakini haki hiyo haimruhusu kuwaambia watu kwamba kitabu kimesema jambo ambalo aya jirani inalikanusha.

Mabishano haya yana historia ndefu. Mwaka 1854 mjini Agra, India, mwanazuoni wa Kiislamu Rahmatullah Kairanawi alijadiliana hadharani na mmisionari Karl Pfander, na baadaye akaandika Izhar al-Haqq. Kitabu hicho ndicho kilichomwamsha Ahmed Deedat, kijana aliyefanya kazi dukani huko Natal, Afrika Kusini, akihojiwa na wanafunzi wa misheni. Deedat naye akawa mhadhiri, na vijitabu na kaseti zake vikaenea hadi kwetu.

Upande wa Kiswahili, mmisionari Godfrey Dale wa Zanzibar alichapisha tafsiri ya Qurani mwaka 1923. Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya ikatoa yake 1953, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akatoa yake kamili 1969. Ushindani huo ulikuwa mkali, na maelezo ya pembeni yalijibizana bila huruma. Lakini mwenye kutaka kumjibu mwenzake alilazimika kupitia sura zote 114. Wasomaji wa Kiswahili tumebaki na hazina.

Nguvu ya dola haijatuachia hazina kama hiyo. Februari 1998, Mwembechai, Dar es Salaam, mvutano uliotokana na madai ya kukashifiwa Ukristo katika mihadhara uliishia kwa watu kupigwa risasi na kufa. Baadaye mhubiri mmoja wa Kiislamu mjini Morogoro alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kutamka kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilimwondolea hatia, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba alikusudia kuumiza hisia za kidini za watu, kama kosa hilo linavyotaka. Mahakama ilikuwa sahihi. Mwislamu akikanusha uungu wa Yesu anatamka imani yake, na Mkristo akikanusha utume wa Muhammad anatamka yake. Askari hana elimu wala mamlaka ya kuamua kati yao.

Basi jukumu ni la waandaaji. Waweke masharti mawili: kila aya isomwe pamoja na zinazoizunguka, na mwenye kitabu aeleze kwanza wanazuoni wake wanavyoifasiri kabla ya kupingwa. Vitabu vyenyewe vinadai adabu hii. Qurani 29:46 inaagiza kujadiliana na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora, na 1 Petro 3:15 inamtaka Mkristo aitetee imani yake kwa upole.

Nawe msikilizaji, aya ikitajwa, usome mlango mzima kabla ya kupaza takbiri au haleluya. Mhadhiri akijua umesoma, hatathubutu kukukatia maneno.